Naomba ushauri: kupima hatari za tabianchi kwenye mpango wa kilimo na maji

Wadau, salaam. Nimepewa kazi ya kutathmini hatari za mabadiliko ya tabianchi kwa mpango wenye sehemu mbili: kilimo cha kutegemea mvua na visima virefu vya jamii. Nilidhani ni kazi ya wiki moja. Nimekwama.

Nimefuata mtazamo wa Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi: hatari huzaliwa na tishio lenyewe, watu na mali vilivyo kwenye njia yake, na udhaifu wao. Nikachukua takwimu za mvua za 1991 hadi 2020, nikazilinganisha na makadirio ya modeli kadhaa (programu za kompyuta zinazokadiria tabianchi ya miaka ijayo). Kwenye joto zote zinakubaliana, linapanda. Kwenye mvua ni vurugu tupu, hii inaongeza, ile inapunguza. Nikipiga wastani napata karibu sifuri, na naona sifuri hiyo inadanganya. Mkulima haumizwi na jumla ya mwaka; anaumizwa na mvua inayochelewa, au inayokatika mazao yakichanua.

Visima navyo, kina cha maji kilipimwa siku ya kuchimba tu, basi.

Sasa naomba kujua: modeli zikipingana hivi, mnaupima mpango dhidi ya hali ya ukame na ya mvua nyingi kila moja peke yake, au mna njia nyingine? Na kwa visima, maelezo ya watumiaji (miezi ya kukauka, urefu wa foleni) yanaweza kusimama kama ushahidi?

Natanguliza shukrani.