Mkopo wa nyumba wa miaka 15: nyumbani tubane wapi ili uishe mapema?

Moshono_juu:
Wakuu habari za leo, shikamooni mliotangulia. Mkopo wa nyumba ni milioni 60, miaka 15, riba 15% kwa mwaka, rejesho 839,750 kila mwezi. Nyumba ipo Moshono, Arusha, watu wanne. Kipato kinategemea utalii, kwa hiyo Aprili na Mei panakauka. Nataka kutoa 150,000 ya ziada kwa mwezi kutokana na kubana matumizi ya nyumbani tu. Je, itaonekana kwenye deni au najisumbua? Na nibane wapi hasa? Habari za "acha soda" nimeshazisikia.

Mhasibu wa Kaloleni:
Itaonekana mkuu. Kwanza rejesho lako linaonyesha riba inapigwa kwenye salio linalopungua, na hiyo ni bahati. Ingepigwa kwenye mkopo mzima kwa miaka yote 15, ungelipa kama 1,083,000 kwa mwezi, na kuwahi kulipa kusingekusaidia kitu labda mkataba uwe na kipengele cha kusamehe riba ya mbele.

Sasa angalia. Mwezi wa kwanza riba peke yake ni 750,000. Kinachopunguza deni ni 89,750 tu. Ukimaliza mwaka umeshatoa zaidi ya milioni 10, na deni limeshuka kwa milioni 1.15. Ndiyo maana watu wakichukua taarifa ya mkopo mwaka wa kwanza wanadhani wameibiwa. Ukiongeza 150,000, yote inaingia kwenye deni la msingi, kwa hiyo mwaka huohuo linashuka kwa milioni 3.08. Ukiendelea hivyo tangu mwanzo, unamaliza kwenye mwezi wa 114 au 115 badala ya wa 180, na riba unayookoa ni kama milioni 38.

Wengi wanakwama hapa: pesa ya ziada ukiiacha tu kwenye akaunti, mfumo unaishikilia ukisubiri rejesho la mwezi ujao. Deni halijaguswa. Andika barua au jaza fomu ya benki: "malipo haya yapunguze deni la msingi, muda ufupishwe, rejesho libaki lilelile." Benki ikisisitiza kupunguza rejesho badala ya muda, kubali, halafu endelea kutoa kiasi cha zamani na tofauti ielekezwe kwenye deni. Matokeo ni yaleyale. Uliza pia mapema kama kuna faini ya kulipa kabla ya muda na kima cha chini cha malipo ya ziada. Kama hawapokei chini ya laki tano, kusanya miezi minne ndipo upeleke.

Fundi Sakina:
Upande wa umeme anza na shawa. Mengine ni chenji.

Shawa ya umeme ya wati 5,500 ikiwaka dakika 10 inakula uniti 0.92. Watu wanne kila siku ni kama uniti 110 kwa mwezi, na kwa bei ya kawaida ya LUKU (356 hivi kwa uniti pamoja na makato) hiyo ni 39,000. Kuoga tu! Kila mtu akitumia dakika 4, unabakiza 23,500. Kuna mtego mwingine: daraja la matumizi madogo linalipa 100 kwa uniti kabla ya makato, ila ni mpaka uniti 75 kwa mwezi, zikizidi ni 350. Shawa peke yake inakutoa humo.

Julai Arusha baridi haina utani, sisemi muoge maji ya barafu. Kupasha ndoo ya lita 15 kutoka nyuzi 18 hadi 40 kunahitaji kama uniti 0.4, chini ya nusu ya ile shawa ya dakika 10. Miezi ya joto weka swichi ya shawa kwenye joto dogo.

Na kagua waya. Shawa hiyo inavuta ampea 24. Nyumba nyingi nakuta imeungwa kwenye waya wa milimita 2.5 pamoja na soketi: kiungo kinachemka, plastiki inaungua, na ukarabati unakula akiba ya mwaka mzima. Ipe waya wa milimita 6, sakiti yake peke yake, na waya wa ardhi (earth).

Friji: bana karatasi kwenye mlango, funga, vuta. Ikitoka kirahisi, badilisha mpira. Maji: usiku funga bomba zote, soma mita, soma tena asubuhi. Ikisogea, mara nyingi ni choo kinachovuja kimyakimya ndani ya bakuli.

Mama Tengeru:
Baba, pesa kubwa ipo kwenye chakula cha mchana na usafiri. Sahani ya 3,000 kwa siku 22 ni 66,000. Boda ya 2,000 kwenda na 2,000 kurudi ni 88,000. Hapo umeshafika 154,000 kabla hujagusa jiko. Panda kifodi (daladala ndogo), beba hotpoti.

Nyumbani, nunua mahindi na maharage Julai au Agosti baada ya mavuno, usingoje Februari. Tengeru njoo Jumatano au Jumamosi, Ngaramtoni Alhamisi au Jumapili. Ila usihifadhi mahindi mabichi, yataota ukungu wenye sumu. Tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya glasi, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha juani. Yakikauka tumia mifuko isiyopitisha hewa: funga kila mfuko wa ndani kivyake, weka juu ya chaga. Ukifunguafungua, hewa inaingia na dumuzi wanaendelea na kazi. Hamishia ya mwezi mmoja kwenye ndoo, mengine usiyaguse.

Maharage loweka usiku, pika mengi mara moja kwenye jiko la presha la umeme. Ni nusu uniti hivi, chini ya shilingi 200. Gawa, gandisha.

Moshono_juu:
Asanteni sana, mama na wakuu. Swali la mwisho: kuna anayeniambia hiyo laki na nusu niiweke kwenye mfuko wa uwekezaji badala ya kukimbizana na deni. Na Aprili nifanyeje?

Mhasibu wa Kaloleni:
Kulipa deni la 15% ni sawa na kupata faida ya 15% bila kubahatisha. Mfuko unaotoa chini ya hapo haulishindi deni. Kazi yake kwako ni akiba: weka kwanza marejesho matatu, kama milioni 2.5, sehemu unayoweza kutoa ndani ya siku chache, kwa sababu ukishaipeleka benki kwenye deni huirudishi bila kuomba mkopo mpya. Aprili na Mei lipa rejesho la kawaida tu, ufidie kuanzia Julai. Usikubali kubadilishiwa mkataba uwe na rejesho kubwa la lazima. Ziada ibaki ya hiari yako.

Majengo Moshi:
Nyongeza mbili. Bustani ya gunia ni nzuri kwa mnafu na sukuma, lakini ukiimwagilia maji ya bomba hesabu inapungua. Vuna ya mvua: paa la mita 100 za mraba, mvua ya milimita 10, unapata kama lita 800.

Ya pili, bima ya mkopo. Kama ulilipishwa kwa mkupuo ya miaka yote 15, uliza kurejeshewa ya miaka isiyotumika. Na risiti ya rejesho la mwisho haifuti rehani: dai barua ya kumaliza deni na hati ya kuondoa rehani iliyosainiwa na benki, ifikishe kwa Msajili wa Hati, kisha fanya upekuzi uone jina la benki limetoka.