Droni zipigwe marufuku Amu (Lamu) nzima?

NAHODHA WA BOTI: Assalamu alaikum, jamaa. Jana alasiri nilikuwa uwanja wa ndege wa Manda nangojea abiria, na ndege ndogo inashuka. Nikaona kidude chenye taa juu ya mikoko, upande ule ule inakojia ndege. Ndege ikapita, kidude kikabaki kinaelea palepale. Rubani sijui kama alikiona. Mimi nasema zipigwe marufuku Amu, Shela na Manda, basi. Mwenye hoja aseme.

MPIGA PICHA, LANGONI: Wa alaikum salaam, ami. Hoja ninayo, na watoto wawili wanaokula kwa hiyo droni pia ninao. Harusi, mashindano ya punda, majahazi, mahoteli ya Shela: siku hizi mteja hataki picha za chini peke yake. Mbona kunguru wamejaa hapa na hakuna anayewapiga marufuku? Mwaka 2009 ndege yenye watu 155 iliishia kwenye mto Hudson, New York, kwa sababu ya mabata bukini. Droni imeangusha ndege gani ya abiria? Nitajieni moja. Na Gatwick, Uingereza, Desemba 2018, safari kama 1,000 zilivurugika na abiria 140,000 wakahangaika, halafu hakuna hata mmoja aliyeshtakiwa.

FUNDI WA NDEGE MSTAAFU, MALINDI: Kijana, iliyoangusha sina. Zilizogonga ninazo. Oktoba 2017, mji wa Quebec, Kanada, ndege ndogo ya King Air yenye watu 8 ilikuwa inakwenda kutua, droni ikaipiga. Walishuka salama. Mwezi mmoja kabla, New York, droni ilijibamiza kwenye helikopta ya jeshi. Mwenyewe alikuwa ameirusha hadi haioni, na habari ya ajali hakuwa nayo mpaka wapelelezi walipomfikia kwa kufuata kipande cha mota kilichonasa kwenye helikopta. Januari 2025, Los Angeles inaungua, ndege ya kuzima moto ikatobolewa bawa na droni ya mtu aliyetaka kutazama moto ulivyoharibu. Ikabidi ilazwe chini, siku zile zile ilipohitajika.

Sasa hao kunguru wako. Kunguru ni nyama na vifupa. Droni ina mota za chuma, betri na kamera. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Dayton, Marekani, walilifyatulia bawa la ndege ndogo droni ya kilo moja hivi, kwa mwendo wa kama kilomita 380 kwa saa. Wakafanya hivyo hivyo na ndege mnyama wa bandia, wa uzito unaokaribiana. Kwa nje, ndege bandia ndiye aliyebonyeza zaidi. Droni yenyewe ilipasua bati la mbele, ikazama ndani, ikaharibu mhimili wa bawa. Bati unaligonga likanyooka. Mhimili ukiharibika hewani, huna pa kuegemea.

MPIGA PICHA: Kilomita 380! Ndege ndogo ya Caravan ikija kutua Manda haifiki hata nusu ya hiyo.

FUNDI: Haifiki, nakubali. Lakini propela yake haipunguzi makali kwa sababu ndege inatua.

MAMA WA MKOMANI: Mimi mambo ya ndege siyajui. Ninachojua, juu ya madari yetu tunaanika, tunasukana nywele, tumevaa tulivyo. Kidude kinakuja, kinasimama, kinatutazama. Lini hayo yatajadiliwa?

MPIGA PICHA: Hilo, dada, sina la kulitetea. Wapo wasio na adabu. Ila sheria ipo, kanuni za mwaka 2020: unasajili kwa KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, unachukua kibali, na mwisho wako kwenda juu ni futi 400. Mimi futi 400 sizivuki.

FUNDI: Hapo kwenye futi 400 ndipo mnapojidanganya wengi. Ndege ikishuka kwa mteremko wa kawaida, nyuzi 3, ikibakiza kilomita 2 kufika inapogusa chini huwa juu kama mita 105. Futi 400 ni mita 120 na kitu. Yaani hapo wewe na futi zako halali uko juu ya ndege! Na kutoka gati la Amu mpaka uwanja wa Manda hata kilomita 3 hazifiki. Ndiyo maana ukiwa karibu na uwanja kibali unakiomba kwanza, hata uruke chini vipi.

MWENYE DUKA, MOKOWE: Mmesahau na jingine. Januari 2020 al-Shabaab walivamia kambi ya Manda Bay, Wamarekani 3 wakauawa, ndege zikateketea. Askari wa hapa akiona kitu kinazunguka angani hatauliza kama ni cha harusi.

NAHODHA: Nilikuja na neno marufuku, na kwa Manda, Shela na mjini silirudishi. Matondoni na Kipungani, huko upande wa pili wa kisiwa, mtu mwenye kibali na arushe. Najua wengine mtasema nimelegea.

MPIGA PICHA: Harusi ya Ijumaa iko Mkomani, mjini humu, ami, na arubuni nimeshaila. Wewe saa za ndege unazijua, niambie tu nirushe saa ngapi.

NAHODHA: Za ratiba nazijua. Za kukodi hata anayezingoja hazijui. Chukua kamera ya mkononi upande darini kwa watu, mwanangu.

MAMA WA MKOMANI: Apige hodi kwanza.