Walimu wanabandika vitabu wasivyovisoma, aliyesema kweli kabanduliwa ukutani

Wakuu, heshima kwenu. Niseme mapema kwamba sina ugomvi na walimu. Mama yangu kafundisha shule ya msingi mpaka kastaafu, chaki naijua. Ila hili limenikaa kooni, na nisipolitema hapa nitaenda kulitemea pasipostahili.

Binti yangu yuko darasa la sita kwenye shule moja ya mchepuo wa Kiingereza, Dar hii hii. Shule siitaji, na msinifuate PM kuiuliza, sitajibu. Walikuwa na Wiki ya Usomaji. Uongozi ukaja na wazo ambalo, haki ya Mungu, ni zuri: kila mwalimu aandike kadi ya manila, abandike na picha yake ya pasipoti, ataje kitabu anachokipenda kuliko vyote. Kadi zikapangwa kwenye ubao mkubwa karibu na dirisha la mhasibu, ili watoto waone kwamba hata mwalimu wa Sayansi ana kitabu chake cha kulalia. Mzazi ukienda kulipa ada unasimama mbele ya huo ubao utake usitake. Foleni ilikuwa ndefu, nikasoma kadi zote.

Jamani!

Karibu nusu ya ubao ni kitabu kimoja: kile cha Robert Kiyosaki, cha baba tajiri na baba maskini. Sina neno na Kiyosaki. Kitabu kilitoka 1997, kimezunguka dunia nzima, na kama kuna mwalimu kimemsaidia kununua kiwanja Chanika, hongera zake. Ninachouliza ni hiki: inakuwaje watu wazima wanaopenda kitabu kimoja wakakieleza kwa maneno yale yale, koma kwa koma, kosa la tahajia kwa kosa la tahajia? Kuna mmoja alinakili mtandaoni kwa haraka mpaka akanakili na "bonyeza hapa kusoma zaidi". Kwa mkono wake, kwa kalamu ya bluu, kwenye manila. Nimesimama pale nimetamani nibonyeze.

Waliobaki wengi wakakimbilia vitabu teule walivyosomea kidato cha nne. Takadini ya Ben Hanson. Joka la Mdimu. Watoto wa Mama N'tilie. Mnavijua, wote tumekaririshwa. Sasa Takadini ni kisa cha mama anayetoroka kwao na mtoto wake mwenye ualbino ili asiuawe. Mtu aliyekisoma kitabu hicho kwa moyo wake ana cha kusema, hata kama ni kwamba alikitupa chini kwa hasira. Kadi inasema nini? "Dhamira kuu ni ujenzi wa jamii mpya. Dhamira nyingine: nafasi ya mwanamke, mila potofu, mapenzi." Ni sawa na kuulizwa unapenda chakula gani ukajibu wanga, protini na mafuta.

Tena kosa si la walimu peke yao. Kadi zilitolewa zikiwa zimeshachapwa sehemu nne: jina la kitabu, mwandishi, dhamira, mafunzo. Basi. Hakuna mahali pa kuandika umekipendea nini. Aliyebuni fomu ile hajawahi kupenda kitabu, na kama aliwahi basi alificha.

Mwingine akaweka Abdulrazak Gurnah. Hapo nikapata faraja, nikasema afadhali. Mzanzibari wetu, Nobel ya Fasihi 2021, na Paradise yake inasomeka kwa Kiswahili tangu 2022 kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, wachapishaji Mkuki na Nyota wa hapa hapa mjini. Bahati nzuri mwalimu mwenyewe akapita. Nikamsalimia, nikamuuliza kwa nia njema kabisa: "Mwalimu, ulimuelewaje yule kijana Yusuf, pale mwisho anapowakimbilia askari wa Mjerumani?" (Samahani kwa ambao hamjafika mwisho.) Akacheka kidogo, akasema, "Aisee mzazi, kile kitabu mafunzo yake ni mengi sana," akaingia ofisini na kufunga mlango.

Sasa nije kwenye kilichonileta.

Kadi moja tu pale ndiyo ilikuwa na mtu ndani yake. Ya mwalimu wa Hisabati, mtu wa makamo, mpole, hata kwenye kikao cha wazazi huwa hasikiki. Kaandika Kufa na Kupona, riwaya ya upelelezi ya Elvis Musiba, ile ya Willy Gamba. Penye dhamira kapiga mstari. Penye mafunzo kaandika, kwa Kiswahili, kwa mwandiko mdogo wa kubana: "Nilikuwa nakisoma chini ya dawati nikiwa darasa la saba. Nikakamatwa, nikachapwa, kikachukuliwa. Jioni nikaenda kuomba msamaha nirudishiwe, nikakuta mwalimu anakisoma. Akaniambia nirudi kesho, bado hajamaliza."

Nimecheka pale kwenye foleni mpaka mama mmoja mbele yangu akageuka. Halafu nikaona kadi ile ndiyo pekee iliyochafuka pembeni kwa vidole vya watoto. Wamekuwa wakiigusa, wakisomeana. Binti yangu aliporudi nyumbani hakuniuliza habari za baba tajiri. Aliniuliza, "Baba, Willy Gamba ni nani?" Mtoto asiyeshika kitabu mpaka umnyang'anye rimoti!

Wiki haijaisha, kadi haipo. Zimebaki pini nne kwenye ubao.

Nikaomba kumwona mwalimu mkuu. Akanipokea vizuri, soda na nini. Akaniambia, "Mzazi, hebu nielewe. Vitabu vile si vya maadili. Vina pombe, vina wanawake, vina bastola. Na havina ithibati ya Kamishna wa Elimu. Wathibiti ubora wakija kesho wakamkuta Willy Gamba kwenye ubao wangu, nitawajibu nini?"

Nikamwambia, mwalimu, ithibati ni ya vitabu vinavyotumika kufundishia. Huyu bwana hakukileta darasani, hajamwambia mtoto yeyote akanunue. Kaulizwa anapenda nini, kajibu. Na Kiyosaki naye ana ithibati ya kufundishia darasa la sita? Akatabasamu. Akasema kile "kinajenga".

Nimwelewe kidogo, hofu yake haikuanguka tu kutoka mbinguni. Februari 2023 Waziri wa Elimu, Profesa Mkenda, alitangaza vitabu 16 kupigwa marufuku shuleni kwa sababu za maadili, na tangu hapo wakuu wa shule wengi wakiona kitabu chochote nje ya orodha ya vilivyopewa ithibati wanatoka jasho. Lakini tukumbuke tulikotoka. Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, nayo iliwahi kuzuiwa shuleni kwa sababu hizo hizo za maadili, na baadaye ikaja kuruhusiwa na watu wakaijibia mtihani. Leo ukisema unaipenda unaonekana msomi. Kwa hiyo maadili ya kitabu yanategemea umekisema mwaka gani?

Na hiyo Kufa na Kupona yenyewe, ndugu zangu. Ndiyo, Willy Gamba anakunywa, na wanawake hawampiti. Lakini ni mpelelezi wa Kitanzania anayepigania ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Kitabu cha miaka ya sabini, wakati Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ina makao yake hapa Dar es Salaam, Msumbiji na Angola bado zinavuja damu. Mtoto wa leo anayepita mtaa wa Samora kila siku hajui Samora Machel wa Msumbiji ni nani, lakini angeanza na Willy Gamba angefika huko mwenyewe bila kupewa kitini.

Nikamtafuta mwalimu wa Hisabati. Nilitaka tu kumwambia kadi yake ilinifurahisha. Akaangalia nyuma kwanza, ndipo akanijibu kwa sauti ya chini: "Baba Neema, achana nayo. Mkataba wangu unaisha Desemba, isije ikaonekana nimekutuma." Mtu kaogopeshwa kwa kusema alipenda hadithi alipokuwa mtoto. Hapo ndipo nilipoondoka nimekasirika kweli.

Maana nawajua walimu hawa. Wanasoma! Mke wangu yuko kundi moja la WhatsApp na baadhi yao, kundi la hadithi. Mtunzi anarusha sehemu ya kumi na mbili, anakatia patamu, "itaendelea", anayetaka yote atume hela kwa simu. Na wanatuma. Saa tano usiku mwalimu wa darasa la nne anarekodi sauti ya dakika nzima akimlaani mume wa kwenye hadithi. Huyo ni msomaji kamili, ana hasira, ana upande, anakumbuka jina la kila mhusika. Asubuhi anaingia shule na kadi ya Kiyosaki, kitabu ambacho pengine hajakifungua ukurasa wa pili.

Watoto si wajinga. Wanaona. Wanachojifunza pale ukutani ni kwamba kitabu ni kitu cha kutaja mbele ya wageni, na kwamba unachokipenda kweli unakificha. Halafu baada ya miaka mitano tunakaa humu tunalia vijana hawasomi.

Mtaniambia mishahara, vipindi vingi, madaftari ya kusahihisha yamejaa meza, andalio la somo, na riwaya mpya moja dukani ni hela ya mboga ya siku kadhaa. Kweli tupu, sibishi. Lakini nani kamlazimisha mwalimu ataje kitabu cha gharama asichokuwa nacho? Angesema nasoma Sani, lile jarida la katuni, kwa fundi viatu, tungemheshimu. Vijana wa zamani mnamkumbuka Ndumilakuwili wa humo, nani alimsoma kwa ajili ya mafunzo? Na mnakumbuka jina la Mwalimu tulimpa nani. Nyerere kafundisha Tabora, kafundisha Pugu, kisha akiwa Rais, nchi changa, kaa la moto mkononi, akatoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Kaipenda kazi ya Shakespeare, kaihangaikia, kaitoa kwa Kiswahili. Leo kuna Tuzo ya Taifa kwa jina lake, ya Uandishi Bunifu, inaratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na imetolewa tangu 2023. Nikatafuta kwenye ubao mzima kama kuna hata mshindi mmoja wa hiyo tuzo. Wapi.

Ninachotaka ni kidogo sana. Kadi ya yule mwalimu irudi mahali pake, zile pini nne bado zipo. Fomu ya mwakani ifutwe dhamira na mafunzo, iwekwe sehemu moja tu: kilikufanya nini. Na kama mwalimu hana kitabu, aandike sina, aandike nasoma hadithi za simu, aandike nasoma Mwanaspoti kuanzia nyuma. Mimi nitaendelea kulipa ada kwa wakati.

NYONGEZA: Naona mmeshaanza. Mkuu uliyeandika "mzazi hana kazi za kufanya", nakubali, siku ile nilikuwa kwenye foleni ya mhasibu wenu.

Dada uliyesema wewe ni mwalimu na shuleni kwenu mwalimu mkuu ndiye aliyewagawia vitabu vya kuvipenda, kila mmoja na chake, ili ubao usijirudie: nimesoma mara mbili nikadhani utani. Pole sana. Kama umepewa Shakespeare na wewe unampenda Hussein Tuwa na riwaya zake za kusisimua, andika hapa, hakuna mwenye picha yako.

Na wewe unayedai vitabu vya upelelezi ndivyo vinavyoleta panya road, yale magenge ya vijana wahalifu, taja mmoja aliyekamatwa na riwaya mfukoni, tuendelee.

Sasa walimu mliomo humu, na najua mmejaa: taja kitabu ulichokimaliza wewe mwenyewe bila kuwa na mtihani, na sehemu iliyokukera au iliyokukosesha usingizi. Vitabu teule vinaruhusiwa kama una la kusema. Atakayeniandikia ujenzi wa jamii mpya namripoti kwa mods.