Kabati la Jaja linatolewa vitu Jumapili

Kikundi: NYUMBA YA JAJA (BIBI YETU), WALUKUBA, JINJA

ALHAMISI

Rehema: Asalaam alaikum ndugu zangu. Mabati ya sebuleni yanavuja tena, upande ule ule wa kabati la vioo. Fundi anapanda juu Jumatatu asubuhi. Kwa hiyo Jumapili kabati linatolewa vitu vyote, mpaka kile kijiko cha mwisho. Nataka majina ya watakaofika Jinja. Leo.

Rehema: Narudia, LEO.

Isma: Waalaikum salaam. Atakayepitia soko la Namawojjolo aniletee kuku na ndizi za gonja 🙏

Rehema: Isma, sikuuliza kuku.

Isma: Utabebesha watu makabati na njaa?

Twaha: 😂😂😂

Rehema: Twaha, kumbe upo. Unakuja?

Rehema: Twaha?

Ashraf: Senga, shangazi yangu, picha hizo. Maji yamefika rafu ya juu, penye vikombe. Santuri ziko chini, bado kavu, ila zimelazwa moja juu ya nyingine.

Rehema: Zisimamishe wima sasa hivi. Zikilaliana za chini zinaumia, na joto la hapo Jinja litazipinda. Usiziegemeze dirishani kwenye jua.

Ashraf: Na zile nzito za babu, Jaja Mzee? Zina ukungu. Nizifute na spiriti?

Rehema: SPIRITI HAPANA!! Zile za mizunguko 78 kwa dakika si plastiki kama hizi nyingine, ni utomvu wa wadudu uliogandishwa, spiriti inauyeyusha. Kitambaa laini kikavu tu. Na ubebe moja moja, ikianguka imevunjika.

Mama Shifa: Picha ya tatu ni kikombe cha Malkia?

Ashraf: Ndiyo, cha 1953.

Twaha: Hicho ni pesa hicho! Malkia alitawazwa Juni 1953, Aprili 1954 akaja hapa hapa Jinja kufungua bwawa la Owen Falls, na Jaja Mzee alikuwa kibarua pale. Nipige picha nzuri niweke mtandaoni, tuone Wazungu watasema nini.

Rehema: Ahaa, sasa umeamka.

Baba Mdogo Sudi: Twaha mwanangu, vikombe vya kutawazwa vilitengenezwa kwa wingi mno. Kule Uingereza watoto wa shule waligawiwa bure. Na cha kwetu kina ufa, mkono umeshikwa na gundi. Sokoni hakipati bei. Sisi ndio tunaojua bei yake.

Isma: Kwani mkono aliuvunja nani?

Twaha: Usianze.

Isma: Nauliza tu. Nasikia kulikuwa na mpira ndani ya nyumba 😅

Rehema: Tafadhali, JUMAPILI. Mpaka sasa nina jina langu na la Ashraf, na Ashraf anaishi humo.

Baba Mdogo Sudi: Ashraf, hebu nisomee majina ya santuri.

Ashraf: Sawa Jaja Sudi. Jim Reeves ziko mbili. ABBA. Boney M. Skeeter Davis. Kuna ndogo ya Fadhili William, "Malaika". Daudi Kabaka. Nyingine karatasi imeliwa na mende, siwezi kusoma.

Baba Mdogo Sudi: Allah! Daudi Kabaka! Huyo ni mzaliwa wa hapa Uganda, watu wengi wanamhesabu Mkenya kwa sababu Nairobi ndiko alikotia sauti. "Helule Helule" yake, Tremeloes wa Uingereza waliichukua 1968 ikapigwa redio za huko. Wazungu wanaimba helule helule! Jaja Mzee aliposikia aliita mtaa mzima waje wasikilize. Wakati huo gramafoni Walukuba zilikuwa za kuhesabika, ikifunguliwa kwetu hata wanaotoka zamu kiwanda cha nguo cha Nytil wanasimama dirishani.

Mama Shifa: Na Boney M. usiisahau Baba. 1978, "Rivers of Babylon" upande mmoja, ukigeuza "Brown Girl in the Ring". Tulicheza mpaka sakafu ikang'aa bila nta. Yule Bobby Farrell na sauti yake nzito, jamani.

Ashraf: Mama Shifa, yule hakuimba.

Mama Shifa: Nani hakuimba?

Ashraf: Bobby. Sauti ya kiume kwenye santuri ni ya Frank Farian, yule Mjerumani aliyeunda kikundi. Bobby alikuwa anacheza na kufungua mdomo.

Mama Shifa: Ashraf, wewe 1978 ulikuwa wapi?

Rehema: Ni kweli lakini, wifi.

Mama Shifa: Sitaki. Mguu ule ulikuwa wake, na mimi nilitazama mguu.

Isma: Ndiyo maana Baba Shifa alivaa ile suruali pana siku ya nikaha, ikafagia msikiti 🤣🤣

Twaha: 🤣🤣🤣🤣 ilikuwa na vifungo vya dhahabu!

Baba Mdogo Sudi: Boney M. hao hao 1981 waliimba "Malaika". Jaja alisikiliza mara moja, akasema ya Fadhili inatosha, zimeni.

Rehema: Nami nakumbuka. Alikuwa anaiweka "Malaika" baada ya magharibi, anashona, hakuna anayeruhusiwa kuongea mpaka sindano ifike mwisho. Mimi nilijifunzia kunyamaza pale. Sasa ndugu zangu, vitu hivyo ndivyo vinavyonyeshewa. Ashraf, kabla hujazifunga, hakikisha kila jalada lina santuri yake ndani.

Ashraf: Jalada la Boney M. ni tupu Senga.

Rehema: Najua.

Rehema: Iliazimwa kwa sherehe ya Mbale.

Mama Shifa: Wifi, sema jina.

Rehema: Sijasema jina la mtu. Nasema iliazimwa. Na mbwa wa kauri yuko mmoja. Walikuwa wawili, wanatazamana, mmoja kila upande wa saa.

Mama Shifa: Yule mbwa nilipewa na Jaja kwa mkono wake nilipojifungua Shifa. Muulizeni yuko hai. Kila Idi mnanikalisha na huyo mbwa. Na cherehani je? Hiyo yenyewe ilitembea kwa miguu?

Twaha: Jamani, cherehani tena?

Rehema: Cherehani ilikwenda kutengenezwa.

Mama Shifa: Mwaka gani? Kabla pesa haijabadilishwa 1987 au baada?

Isma: Mbwa alikwenda kuoa Mbale, cherehani ikamfuata kumshonea kanzu 🐕

Rehema: Isma nyamaza.

Mama Shifa: Ujumbe huu umefutwa

Mama Shifa: Ujumbe huu umefutwa

IJUMAA

Rehema: Juma Karim. Naomba tuyaache ya jana. Maboksi nimepata dukani kwa jirani, magazeti ya kufungia vioo kila mtu aje nayo. Gari la kupeleka vitu kwa Baba Mdogo, Isma umeahidi?

Isma: Niliahidi lini?

Rehema: Idi.

Isma: Ile ilikuwa Idi.

Twaha: Mimi wazo langu ni hili. Kwa kuwa vinatoka vyote, tugawane kabisa. Kila mtu achukue chake akitunze. Fundi akimaliza, kabati jipya dogo linatosha. Mimi niko tayari kuchukua gramafoni, sindano naweza kuitafuta Kampala.

Baba Mdogo Sudi: Sindano ya zile za 78 ni nene kuliko ya santuri kubwa, mwanangu. Ukiweka moja kwa zote unaziharibu.

Twaha: Nitatafuta zote mbili Baba.

Rehema: Kugawana si wazo baya. Ashraf andika orodha.

Baba Mkubwa: Nimesoma yote tangu jana.

Baba Mkubwa: Kabati hilo Mama alilinunua kwa pesa ya kushona, baba yenu mdogo bado ananyonya. Vikombe aliviweka kimoja kimoja. Mama yuko hai na akili yake ni timamu kuliko zetu. Hakuna kitakachouzwa, hakuna kitakachogawanywa. Kinachotoka kinatoka kwa sababu ya mvua, na paa likiziba kinarudi mahali pake. Orodha iandikwe, lakini iwe ya kurudishia. Mwenye mbwa na mwenye cherehani wakae mbele ya Mama wazungumze, si humu kwenye simu mbele ya watoto.

Baba Mdogo Sudi: Sawa kaka.

Rehema: Tumesikia Baba Mkubwa. Tusamehe.

Twaha: Sawa Baba Mkubwa.

Mama Shifa: Sawa Baba.

JUMAMOSI

Rehema: Kesho saa tatu asubuhi tuwe tumefika. Mimi, Ashraf, Baba Mdogo. Twaha?

Twaha: Nitajaribu. Foleni ya Mukono ikiruhusu.

Rehema: Toka alfajiri, foleni utaiacha nyuma. Wifi, wewe?

Baba Mdogo Sudi: Kwangu nafasi ipo ya santuri na vikombe. Gramafoni haiingii mlangoni, nimepima.

Rehema: Basi gramafoni itakaa wapi Jumatatu?

Jamila (Nairobi): Salaam wapendwa, nilikuwa kazini, ndiyo nasoma sasa. Mimi nachukua kikombe cha Malkia kama hakuna anayekitaka ❤️

Isma: Jamila soma juu.

Jamila (Nairobi): Juu wapi? Ujumbe ni mwingi.

Ashraf: Jaja amesikia. Amesema gramafoni haiondoki, ifunikwe kwa turubai ikae hapo hapo, yeye atalala sebuleni aiangalie.

Rehema: Hapana Ashraf, asilale chini ya paa lililofunguliwa. Mwambie nakuja.

Ashraf: Nimemwambia. Anauliza Mama Shifa anakuja peke yake au na mbwa. Na anauliza mko wangapi, muhogo upikwe kiasi gani.

Isma: Mimi niandikeni kwenye muhogo.

Rehema: Isma, gari je?

Rehema: Wifi?