Kikundi cha familia: RAM ya Ami

Ami: Asalaam aleikum jamaa. Ile RAM, kumbukumbu ya kompyuta, ilifika Mokowe na basi la jana, nimevuka nayo asubuhi. Haiingii. Nimejaribu upande huu na ule. Nikaze mkono?

Binti wa Mkomani: Waaleikum salaam, shikamoo Ami. Usikaze tafadhali! Iweke mezani kwanza. Ukiivunja sloti inapochomekwa, bodi nyingine ya mashine ile hatuipati hapa kisiwani Lamu.

Shangazi: Mashine ipi? Ile ya madrasa?

Ami: Hiyo hiyo. Nikifungua orodha ya watoto na intaneti pamoja, yaganda hadi namaliza kikombe cha kahawa.

Binti wa Mkomani: Naomba picha mbili Ami. Stika ya RAM mpya, na stika ya iliyomo ndani. Kabla hujaitoa ya ndani zima mashine, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha. Halafu fungua vile vishikizo vya kando kwa vidole viwili, itainuka yenyewe.

Ami: [Picha]

Ami: [Picha]

Binti wa Mkomani: Soma hapa Ami. Ya zamani imeandikwa 2GB PC3-12800U. Mpya imeandikwa 4GB PC4-2400T. PC3 ni DDR3, PC4 ni DDR4, vizazi viwili tofauti vya RAM. Hizo haziingiliani kabisa. Ziweke ubavu kwa ubavu, utazame lile pengo dogo katikati ya meno ya dhahabu.

Ami: Kweli. Mapengo hayako pamoja.

Binti wa Mkomani: Limewekwa makusudi likuzuie. DDR3 ina meno 240, DDR4 ina 288. Hata umeme zinaokula si sawa, DDR3 ni volti 1.5 na DDR4 ni 1.2.

Kaka Mombasa: Mimi ndiye niliyenunua. Nilisema nataka RAM ya kompyuta ya mezani, GB 4, nikapewa hiyo. Risiti ninayo.

Binti wa Mkomani: Hukukosea kaka, mimi ndiye sikukupa stika. Ukirudi dukani muonyeshe muuzaji picha ya ile ya zamani. Na herufi ya mwisho usiiache, U ndiyo yetu, ya kompyuta ya mezani. S ni ya laptop, hiyo ni fupi utaijua kwa macho. R ni ya seva, na hiyo ndiyo inayotesa watu: ni DDR3 vilevile, urefu uleule, inaingia kwenye sloti vizuri, lakini mashine kama hii haiwaki nayo. Ukiona bei imeshuka sana, tazama herufi kwanza.

Shangazi: Nimeikuza picha. Mbona meno ya ile ya zamani yana weupe?

Binti wa Mkomani: Ahsante Shangazi, sikuuona. Ni hii hewa ya chumvi, dirisha la madrasa linatazama bahari. Ami, yafute polepole kwa raba safi ya penseli, kisha kitambaa kikavu. Usipulize kwa mdomo, mate yana maji.

Ami: Nimefuta, yanang'aa. Lakini sloti naona mbili tu na zote zilikuwa na RAM, niliitoa moja nikijaribu ile mpya. Bila kutoa, hiyo mpya ingekaa wapi?

Binti wa Mkomani: Kwenye kasha si imeandikwa OptiPlex 3010?

Ami: Ndiyo.

Binti wa Mkomani: Basi hiyo ni sloti mbili, na Dell wenyewe wameandika mwisho wake GB 8. Hatuongezi juu ya zilizopo, tunatoa zote mbili tuweke 4 na 4. Ukiacha moja ya 2 na kuweka moja ya 4 utapata 6 na itafanya kazi, lakini mbili zinazolingana zinakwenda kasi zaidi. Sasa rudisha za zamani, washa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Pause, unipigie picha.

Ami: [Picha]

Binti wa Mkomani: Lo. Windows yenyewe ni ya biti 32. Hii hata ukiipa GB 8 haitumii zaidi ya 4. Nafurahi tumetazama kabla hela haijatoka tena.

Ami: Sasa tufanyeje?

Binti wa Mkomani: Prosesa yako, ule ubongo wa mashine, ni Core i3, biti 64 inaimudu. Ila hakuna kupandisha kutoka 32 kwenda 64, ni kuweka Windows upya kabisa na diski inafutwa. Majina ya watoto na hesabu za ada lazima zitoke kwanza.

Ami: Mwanangu, mle mna kazi ya miaka sita.

Shangazi: Mimi nina flashi mbili tupu. Baada ya Isha namtuma mtoto azilete mtaa wa Langoni.

Binti wa Mkomani: Zote mbili Ami, kila kitu mara mbili. Halafu zifungue kwenye laptop yangu tuhakikishe zinasomeka. Nakuja Ijumaa baada ya sala, sigusi diski kabla ya hapo.

Kaka Mombasa: Niko dukani. Amekubali kubadilisha, nitaongeza kidogo kwa ya pili. Anazo mbili za GB 4.

Binti wa Mkomani: Picha ya stika kwanza kaka, zote mbili.

Kaka Mombasa: [Picha]

Binti wa Mkomani: PC3-12800U. Na hii nyingine PC3-12800U. Lipa.