Watoto na chapa za vyakula: jaribio la kuonja lipangweje?

Mlezi wa Klabu

Habari zenu wakuu. Nina kundi la watoto wa miaka 8 hadi 11. Nataka wajifunze kulinganisha vyakula vya chapa maarufu na vile vya bei nafuu vinavyouzwa kwa jina la duka lenyewe. Shida ni kwamba wakishaiona pakiti wanayoijua kwenye matangazo, jibu wanalo hata kabla ya kuonja. Nianze na ladha, bei au lebo? Na vyakula gani vinafaa?

Mwalimu wa Sayansikimu

Anza na ladha, pakiti zikiwa zimefichwa chumba kingine. Mtoto akishajua ipi ni ya bei ya chini, hakuna tena cha kupima.

Chagua chakula kimoja chenye chapa mbili: biskuti, juisi, mtindi, nafaka za asubuhi. Chumvi na sukari nyeupe ziache kwenye kuonja, maana tofauti yake ni ndogo mno. Hizo zitafaa kwenye somo la bei.

Andaa vikombe vinavyofanana, mililita 30 kila kimoja, vyote vikiwa na ubaridi uleule. Juisi ya baridi huonekana haina utamu mwingi kama ya vuguvugu, kwa hiyo ukitoa chupa moja kwenye friji na nyingine kabatini umeshaharibu jaribio. Usiviite "A" na "B" wala "1" na "2", kwa sababu watoto huona cha kwanza ndicho bora. Viandike namba zisizo na maana, mfano 417 na 283. Nusu ya watoto waanze na 417, nusu na 283. Katikati wanywe maji.

Biskuti zenye jina lililochorwa juu zivunje vipande kwanza. Juisi zikitofautiana rangi, tumia vikombe visivyopitisha mwanga na vyenye mfuniko na mrija.

Kila mtoto aandike jibu lake kimya kimya. Mmoja akishasema "hii mbaya!" kwa sauti, wengine wote watamfuata. Na anayegawa vikombe asijue kipi ni kipi, la sivyo uso wake utatoa siri.

Mpima Ladha

Naongezea. Kuuliza "ipi tamu zaidi?" hakuonyeshi kama mtoto anaitambua tofauti. Mpe vikombe vitatu, viwili vya chapa moja na kimoja cha nyingine, atafute kilicho tofauti. Kwa kubahatisha tu atapata mara 1 kati ya 3. Akirudia mara 6, akipatia 5 au zaidi, hapo kweli anaisikia tofauti. Akipatia 2 au 3, ni kama anakisia. Usimrudishe mara zote 6 kwa mkupuo, ulimi unachoka. Gawa siku mbili.

Msoma Lebo

Ladha ikiisha, leteni pakiti. Hapa ndipo watu wazima wengi hudanganyika, sembuse watoto.

Chapa moja inaandika sukari gramu 9, nyingine gramu 11. Mtoto atasema ya 11 ina sukari nyingi. Mwambie asome kipimo cha mlo: ya kwanza imehesabu gramu 30, ya pili gramu 45. Kwa gramu 100, ya kwanza ina gramu 30 za sukari na ya pili kama 24. Jibu limegeuka. Kwa hiyo kanuni ni moja: linganisha kwa gramu 100 au mililita 100, basi. Kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu 4. Wapimie sukari hiyo kwenye sahani waione.

Orodha ya viungo hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kwanza. Waangalie sukari iko nafasi ya ngapi, na wazitafute pia glukosi, fruktosi na dekstrosi, maana nazo ni sukari. Lebo ikitaja sodiamu badala ya chumvi, zidisha kwa 2.5 upate chumvi.

Bei nayo igawanywe kwa uzito. Gramu 400 kwa bei ya 200 ni 50 kwa kila gramu 100. Gramu 750 kwa bei ya 330 ni 44. Vyakula vya kopo vichujwe na kupimwa kwenye mizani, kwa sababu sehemu ya kopo la maharage ni maji, na kopo mbili zinazolingana kwa nje huweza kutofautiana ndani.

Usiwaahidi kwamba vyote hutoka kiwanda kimoja. Vingine hutoka, lakini hata hapo mapishi huweza kuwa tofauti. Kila bidhaa ihukumiwe peke yake.

Mlezi wa Klabu

Asanteni sana. Wawili kati yao wana mzio wa karanga. Inatosha nikisoma lebo ya chapa moja?

Msoma Lebo

Haitoshi. Soma zote mbili, na kila unaponunua upya. Biskuti za aina ileile, pakiti moja huandikwa kwamba huenda ina chembechembe za karanga na nyingine haina onyo hilo. Yoyote yenye onyo isiingie kabisa kwenye chumba cha kuonjea.