Tuishie chini ya bahari au tufike mwisho? Njia tatu za kuonyesha A.I. mbele ya watu

Mwenye Projekta (Buruburu)

Ndugu wanachama, hamjambo. Jumamosi iliyopita tulionyesha A.I. Artificial Intelligence, ile filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 2001, katika ukumbi wa mtaa hapa Buruburu, na waliokuja wakaondoka wakiwa kambi mbili ambazo hadi leo hazijapatana. Mwezi ujao nimeombwa niirudie kwa kikundi cha Kayole, kwa hiyo naomba ushauri kabla sijabeba tena vyombo vyangu.

Kwa wasioijua, David ni roboti mwenye sura ya mtoto wa kiume. Monica, ambaye mwanawe wa kumzaa, Martin, amegandishwa akisubiri tiba, anamsomea David maneno saba ambayo yakishatamkwa yanamfanya ampende Monica peke yake, wala hakuna namna ya kuyafuta. Martin anapona na kurudi nyumbani, mambo yanaharibika, na Monica anamtelekeza David msituni pamoja na Teddy, dubu mwanasesere anayetembea na kusema. David, ambaye alisomewa hadithi ya Pinocchio, mwanasesere wa mbao aliyegeuzwa mtoto wa kweli, anaanza kumtafuta Malaika wa Buluu amgeuze mtoto wa kweli, na mwishowe anazama baharini hadi mbele ya sanamu ya huyo Malaika, anakaa pale akiomba, anaomba, mpaka bahari inaganda.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Mlinzi wa ukumbi aliona giza kwenye kitambaa, akadhani imekwisha, akawasha taa, na watu wakaanza kukunja viti. Akina mama wawili walikuwa wameshafika mlangoni msimulizi alipotaja kwamba miaka elfu mbili imepita. Wengine walirudi kuketi, wengine walibaki wamesimama na mikoba yao wakisema kwamba yao imekwisha.

Naziona njia tatu: kusimamisha pale bahari inapoganda, kuonyesha dakika zote 146 bila kusema neno, au kuonyesha yote baada ya maelezo mafupi ya mwisho ule. Mngechagua ipi?

Kiti cha Nyuma

Simamisha baharini. Mtoto anayeiomba sanamu isiyoweza kumjibu, na ambaye hawezi kuchoka wala kufa, ndiye picha kamili ya kile kilichofanywa na yale maneno saba, na hakuna lolote linaloweza kuongezwa juu yake. Kinachofuata ni watu wembamba wa sayari nyingine wanaoshuka bila kualikwa na kumrudishia mama yake, na mimi huona mkono wa Spielberg akimwaga sukari katika uji uliokuwa umekwisha kuiva.

Fundi wa Picha (Ngara)

Ndugu Kiti cha Nyuma, kuna makosa mawili hapo, nami siwezi kukulaumu kwa la kwanza kwa sababu nililibeba kwa miaka mingi. Filamu hii niliitazama kwa kaseti katika kibanda cha video Gikomba, na msimulizi aliyekuwa akitutafsiria pale mbele alitangaza kwa sauti kubwa kwamba hao ni wageni kutoka angani. Sote tukarudi nyumbani na wageni wetu wa angani. Sivyo. Wale ni roboti waliokuja baadaye, wazao wa akina David wenyewe, wanaochimbua barafu kutafuta habari za binadamu ambao wametoweka wote. Ndiyo maana wanamtunza David kama hazina: aliwahi kuishi na watu walio hai.

La pili ni la sukari. Kazi hii ilikuwa ya mwongozaji mwingine, Stanley Kubrick, kwa miaka mingi, kutokana na hadithi fupi ya Brian Aldiss ya mwaka 1969, na Spielberg aliipokea na kuiongoza baada ya Kubrick kufariki Machi 1999. Spielberg mwenyewe amesema hadharani kwamba dakika ishirini za mwisho zilikuwa za Kubrick, na hata Teddy alikuwa wake. Watazamaji wengi wamegawa lawama kinyume: cha uchungu wakampa Kubrick, cha utamu wakamtwika Spielberg.

Msafiri wa Juja Road

Naongeza tu kwamba mgawanyiko wa Buruburu si mgeni. Watazamaji wa Marekani waliohojiwa na CinemaScore walipotoka ukumbini mwaka 2001 waliipa alama ya C+, na mauzo ya huko yalikuwa takriban dola milioni 78, ilhali kwingineko duniani yalizidi milioni 150. Roger Ebert, mhakiki wa filamu wa Marekani, naye aliipa nyota tatu kati ya nne ilipotoka, akaitazama upya mwaka 2011 na kuipandisha hadi nne. Mtu mmoja aliweza kuwa kambi mbili.

Mwalimu Mstaafu

Nilikuwapo Jumamosi, safu ya tatu, na naomba radhi kwamba ualimu haustaafu: badala ya kuitazama filamu, nilijikuta nasikiliza ngeli.

Kiingereza cha filamu kinamruhusu mtu kukwepa, lakini Kiswahili hakimruhusu. Ukitaka kusema lolote juu ya David ni lazima kwanza uamue kama ni *i-* au *a-*. Mezani, David alipoangua kicheko kile kikali kisicho na mwanzo wala mwisho, kijana aliye nyuma yangu alisema, "Inacheka!" Alipokula mchicha na uso ukamlegea upande mmoja, safu nzima ilisema, "Imeharibika." Lakini msituni, Monica alipokuwa akimsukuma David na kurudi mbio garini, mama mmoja aliinuka kitini akapiga kelele, "Anamwacha! Anamwacha mtoto!" Kijana yule akamjibu taratibu kwamba anaiacha tu, ni mashine, na watu watatu wakamgeukia wakafyonza.

Nimelifikiria jambo hili wiki nzima. Mwanasesere hana uhai, lakini tangu zamani tunamtaja kwa *a-*, pengine kwa sababu jina lake limebeba *mwana* ndani yake. Maiti alikuwa mtu jana, lakini leo wengi wetu tunasema imezikwa. Basi *a-* hatuitoi kwa kupima damu.

Ningependa kuwaambia kwamba waliosimama mlangoni ni watu wa *i-*, na waliorudi kuketi ni watu wa *a-*. Haikuwa hivyo. Mama aliyepiga kelele msituni ndiye aliyekuwa wa kwanza kukunja kiti, akisema kwamba ameona ya kutosha, na kijana wa mashine alirudi kuketi hadi mwisho. Nami nilimsikia, wale viumbe wembamba walipomfikia David chini ya barafu, akisema bila kuulizwa na mtu, "Wamemtambua." *Wa-* kwa wao, *-m-* kwa David, katika neno moja. Ungesimamisha baharini, Ndugu Projekta, kijana huyu angerudi nyumbani na *i-* yake.

Mama Wawili (Umoja)

Shikamoo Mwalimu. Mimi nauliza nani aliwaambia kwamba mwisho ule ni mtamu. Teddy alihifadhi nywele za Monica ambazo David alizikata usiku ule kwa kuchochewa na Martin, na kwa nywele hizo wale roboti wanamrudisha Monica kwa siku moja tu. Akilala, harudi tena. Mtazameni vizuri Monica wa siku ile. Hamwulizi Martin yuko wapi. Hamtaji mumewe. Ameletwa nyumbani bila dunia yake, ili ampende David siku nzima kisha alale.

Mwanzoni David aliundwa kwa kipimo cha shida ya Monica, na mwishoni Monica analetwa kwa kipimo cha shida ya David. Mimi sikulia kwa furaha pale. Nilipata ubaridi mgongoni. Ukikata baharini, tutabaki na mama mbaya na mtoto aliyeonewa, na sisi wazazi tutatoka tukiwa tumeshahukumu. Ukionyesha yote, David naye anaingia katika hesabu.

Na kwa Kayole, tafadhali andika kwenye tangazo kwamba watoto wadogo wasiletwe. Lile tamasha ambalo roboti wanaangamizwa kwa tindikali mbele ya umati unaoshangilia lilimfanya mwanangu wa miaka minane alale na taa inawaka siku mbili.

Kiti cha Nyuma

Mama Wawili, la Monica kutomwuliza Martin sikuwahi kuliona, na nimeirudia sehemu hiyo jana usiku kuhakikisha. Naondoa neno sukari. Bado naamini kwamba pale baharini ni mahali pazuri zaidi pa kuishia, ila nakubali kwamba kupenda mahali si sababu ya kuwanyima wengine kilichobaki. Njia ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote: ukieleza mwisho kabla ya kuanza, utakuwa umetegua kitendawili kabla ya kukitega.

Fundi wa Picha (Ngara)

Mimi ningesema neno moja tu kabla ya kuanza, kwamba hao si wageni wa angani. Lakini sasa nakumbuka kwamba kijana wa Mwalimu aliwatambua bila msaada wangu, basi nimenyamaza.

Mwenye Projekta (Buruburu)

Nawashukuru. Nitaonyesha yote bila maelezo, na mazungumzo tutayafanya baadaye kwa chai. Tangazo la watoto nimeshaliandika. Mwalimu, kuna kiti chako safu ya tatu Kayole, njoo na daftari. Na mlinzi wa huko nitamwomba aketi nami mbele, mbali na swichi.